UZI: Mimi na mume wangu kwa gari, Dar hadi Ujiji kupitia kusini, kurudi kwa njia ya misafara hadi Bagamoyo

Mtoa mada

Wakuu, habari za majukumu. Kwenye uzi wa safari za ndani kuna wadau waliomba mtu aliyezunguka mikoa ya magharibi kwa gari binafsi aje na maelezo. Nimekuja. Nitashusha vipande vipande, maswali ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

Wasafiri tulikuwa wawili. Mimi ni muuguzi, mume wangu anafundisha historia sekondari. Tuliondoka Dar Septemba, kiangazi kimekolea, watoto tukawaacha kwa bibi yao Korogwe. Gari ni Rav4 ya zamani, tulipokezana usukani. Kwenda tulipita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Mbozi, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, Kigoma. Kurudi tukashika Tabora, Itigi, Manyoni, Dodoma, tukapanda Kondoa, tukamalizia Bagamoyo.

Mume wangu amefundisha miaka mingi habari za misafara ya biashara iliyotembea kati ya pwani na Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wanafunzi wake wanaikariri Bagamoyo, Tabora, Ujiji kwa ajili ya mtihani, na yeye mwenyewe alikuwa hajafika Ujiji. Mimi ndiye nilisema: baba, mwaka huu twende ukaione, michango ya harusi za watu itatusubiri.

Nina jambo moja kubwa la kusema na ndilo lililonifanya niandike. Ukisoma kuhusu njia ile, majina unayopewa ni Livingstone, Stanley, Burton, Speke. Lakini walioitembea kwa miguu na mzigo kichwani ni watu wetu, na baadhi yao majina yao yanajulikana kabisa: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright, watu wa msafara wa Livingstone. Mimi nilienda kuwatafuta hao. Nitafika kwao, nianze na kusini kwanza.

Mdau

Ngoja nikae mbele kabisa. Mama, usiruke Iringa, sisi wa huku tunasoma.

Mtoa mada

Iringa siwezi kuiruka.

Mikumi nitapita haraka. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50, mwendo umewekewa kikomo cha 70 mchana na ni chini ya hapo usiku, na faini ya kumgonga mnyama imeandikwa kwenye mabango. Nendeni taratibu, twiga na pundamilia mnawaona kutoka barabarani. Baada ya hapo ni bonde la mibuyu, ambayo Septemba haina jani hata moja, halafu Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, halafu mlima Kitonga. Kitonga tulipanda nyuma ya malori, hapakuwa na haraka.

Kabla ya kuingia Iringa mjini kuna Lugalo. Mnara upo karibu na barabara kuu, mabasi yanaupita kila siku. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipovamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kamanda aliuawa pale pale na sehemu kubwa ya askari wake. Mume wangu alisimama akatazama vichaka vya pande zote mbili akaniambia, sasa nimeelewa, kumbe darasani nilikuwa nafundisha tarehe tu. Ukiwa pale unaona kwa macho jinsi msafara mrefu ulio katika mstari mmoja unavyoweza kukatwa katikati.

Kalenga ipo kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ndiyo iliyokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yenye ukuta, na Wajerumani waliipiga kwa mizinga na kuiteka Oktoba 1894. Yeye aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaja hadi fuvu hilo, kwamba lirudishwe. Likarudi 1954, gavana Twining alipolikabidhi kwa mjukuu, Adam Sapi Mkwawa. Huyo Adam Sapi ndiye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Fuvu lipo ndani ya kisanduku cha kioo. Kwa kazi yangu nimeona mengi, lakini nilikaa kimya muda mrefu. Jumba lenyewe ni dogo, unalimaliza upesi ukienda peke yako. Msifanye hivyo. Mwombeni mhifadhi asimulie, na mumpe muda. Tulipomuuliza habari za ukuta alitutoa nje akatuonyesha mahali ulipopita.

Isimila ni upande mwingine, kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Mbeya. Zana za mawe za pale zilitambuliwa 1951 na uchimbaji mkubwa ukafanywa mwishoni mwa miaka hiyo ya 50. Zinakadiriwa kuwa na miaka kati ya 260,000 na 300,000. Mwongozaji alinikabidhi shoka la mkono. Ni zito kuliko linavyoonekana, upande wa chini ni wa mviringo unaokaa kiganjani, na ukingoni kuna alama ndogo ndogo pale vipande vilipobanduliwa kimoja baada ya kingine, upande huu, kisha upande ule, mpaka makali yakatokea. Kidole gumba changu kiliingia mahali pake bila kutafuta. Aliyelitengeneza alikuwa na mkono unaofanana na wangu.

Nyuma ya hapo mnashuka korongoni kwenye zile nguzo ndefu za udongo na mchanga mgumu zilizochongwa na maji. Nendeni asubuhi, saa sita jua la mle ndani halina kivuli.

Mdau wa Iringa

Asante kwa kututendea haki. Ongezea na Boma la Iringa, lile jengo la Mjerumani ni makumbusho tangu 2016, na jiwe la Gangilonga jioni kwa ajili ya kuuona mji wote. Halafu Lugalo, watu wasimame jamani, hata dakika kumi.

Mdau

Swali la mtu wa kawaida. Viingilio vikoje? Maana ukisikia hifadhi unaogopa.

Mtoa mada

Boma tuliingia, nimesahau kuandika tu, ni pazuri sana kwa kuanzia kabla ya Kalenga.

Kuhusu viingilio: Kalenga, Isimila, na kule nitakakofika mbele, yaani Kimondo, Ujiji, Kwihara ya Tabora na Kolo ya Kondoa, kwa Mtanzania mwenye kitambulisho ni bei ya kawaida kabisa, mtu na mwenzake mnamudu. Sitaji tarakimu kwa sababu zinabadilika. Malipo ni kwa simu, mnapewa namba ya malipo pale pale, kwa hiyo wekeni salio kabla, mtandao wa sehemu nyingine unasumbua. Hifadhi za taifa zina ada yake na gari nalo linalipiwa. Kinachokula pesa katika safari hii ni mafuta.

Nikiendelea. Mbeya tulilala, tukaenda Ngozi, lile ziwa la kreta kwenye milima ya Uporoto. Gari mnaliacha, mnapanda kwa miguu ndani ya msitu wenye ukungu na mianzi, mwisho panakuwa pamesimama kweli. Juu mnaliona ziwa chini kabisa, kijani. Daraja la Mungu kule Kiwira tulipita, ni mwamba uliozaliwa na volkano, mto unapita chini yake. Kitulo tuliiacha makusudi kwa sababu maua yake ni ya msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili.

Kimondo cha Mbozi kipo kijiji cha Ndolezi, mnakunja kutoka barabara ya Tunduma. Kinatajwa kuwa na tani zipatazo 16, urefu kama mita 3, karibu asilimia 90 ni chuma na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni nikeli. Hakijajengewa kuta, kimekaa wazi juu ya jukwaa na mnakigusa. Tulifika saa saba mchana, kilikuwa cha moto hadi nikaondoa kiganja. Kina mabonde mabonde kila upande, na mahali pamoja pana sehemu bapa iliyokatwa na watu waliochukua sampuli.

Mdau

Kalambo mlifika? Wengi wanaishia Sumbawanga mjini wanageuza.

Mtoa mada

Tulifika, na mkuu kama uko Rukwa nakuomba uwapeleke wageni wako. Sumbawanga hadi Matai ni lami, kutoka Matai kwenda kijiji cha Kapozwa ni barabara ya vumbi, gari liwe limeinuka. Maji yanaanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, mpakani kabisa na Zambia. Upande wetu Wakala wa Misitu wamejenga ngazi za kushuka. Septemba maji yamepungua, lakini ndio msimu wa kuona korongo wale wakubwa wa shingo tupu wakiwa kwenye kingo za mwamba na viota vyao.

Hapa mume wangu ndiye aliyefurahi kuliko popote kwa upande wa kusini. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, moja limechongwa pengo ili likae juu ya jingine. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Yaani kabla binadamu wa aina yetu hajawepo, kuna mtu alikaa kando ya mto Kalambo akapima mti na mti. Miti huoza, ile ilihifadhiwa na udongo uliokuwa umelowa maji muda wote. Ukitoka Isimila na kichwa chako kimejaa mawe, habari ya magogo inakukalisha chini.

Katavi tuliingia kupitia Sitalike. Kiangazi mto Katuma unabaki mabwawa, viboko wanabanana mmoja juu ya mwenzake na kelele zao zinasikika kabla hujawaona. Kuna mkwaju unaoheshimiwa mle hifadhini, ambako Wabende wanasema roho ya Katabi inakaa, na watu hupeleka sadaka. Tulioneshwa kwa mbali, tukaheshimu.

Kutoka Mpanda kwenda Uvinza kuna vipande vya vumbi na mbung'o. Fungeni vioo. Tulipata pancha njiani, vijana wa pikipiki wakatusaidia kubadilisha na wakakataa kupokea zaidi ya bei ya soda. Septemba miombo inatoa majani mapya kabla ya mvua na hayatoki kijani, yanatoka mekundu na rangi ya shaba. Mlima mzima. Niliomba tusimame mara nyingi mpaka mwenzangu akaacha kuuliza sababu.

Uvinza ni chumvi. Watu wamechemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilibebwa ikauzwa mbali kwenye nchi za maziwa kabla msafara wowote wa pwani haujafika.

Mdau wa Ujiji

Karibuni nyumbani ingawa mmeshaondoka. Ukifika Ujiji usitafute ziwa pale kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, ziwa limerudi nyuma siku nyingi. Na ile miembe ni uzao wa mwembe wa zamani waliokutania chini yake, mwembe wenyewe haupo tena. Watu wanabishana na waongozaji bure.

Mtoa mada

Umesema kweli na mwongozaji wetu alieleza hivyo hivyo, bila kutuuzia maneno.

Wakuu, hapa ndipo palipokuwa mwisho wa safari ya mume wangu na mwanzo wa yangu.

Wote tunajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na Stanley mwenyewe aliandika tarehe 10 Novemba 1871. Ndani ya makumbusho kuna masanamu yao mawili wakivuliana kofia. Lakini kwa maelezo ya Stanley huyo huyo, mtu wa kwanza kumsalimia katikati ya umati alikuwa Susi. Alimsalimia kwa Kiingereza, akajitambulisha kuwa ni mtumishi wa daktari, kisha akakimbia kumwambia bwana wake. Mwenzake Chuma alikuwepo. Mazungumzo yale maarufu yalikuja baadaye.

Nilisimama chini ya miembe nikamwambia mume wangu, tufanye hivi: kuanzia hapa hadi Bagamoyo tuwafuate hao wawili. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Livingstone alifariki 1 Mei 1873 kwa chifu Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watu wake, kama 60 hivi, wangeweza kumzika wakatawanyika, hakuna ambaye angewauliza. Waliamua kumpeleka pwani. Walitoa moyo na viungo vya ndani wakavizika chini ya mti pale pale, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa majuma mawili hivi, wakaukunja, wakaufunga kwa kaliko, kisha ndani ya gome la mti, na juu yake turubai. Mimi ni muuguzi, nimeshughulika na miili. Kuhifadhi mwili hivyo, nchi ya joto, bila dawa ya hospitali, mpaka ukafika London ukatambulika kwa ule mkono wenye mfupa uliovunjwa na simba, ni kazi ya watu wenye ujuzi na nidhamu. Siyo "watumishi waaminifu" tu kama wanavyoitwa siku zote.

Kigoma kwenyewe mna mengi. Stesheni ya reli ya Mjerumani bado inapendeza, reli ilifika hapo 1914. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa ikawekwa kwenye masanduku 5,000, ikaletwa Dar na kupandishwa hadi ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya kupaka injini grisi, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Gombe mnaenda kwa boti. Ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960 na kuona sokwe mtu akichokoa mchwa kwa jani la nyasi. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na pale hifadhini wanamtaja kama mtu wa nyumbani. Migebuka ya Kigoma sitaielezea, nendeni mkaile.

Mdau

Sasa Tabora. Wengine tumesoma huko na hatujawahi kufika Kwihara, naona aibu kuandika.

Mtoa mada

Kwihara ipo kilomita chache nje ya mji. Ni tembe, yaani nyumba kubwa ya udongo, paa bapa, milango ya kuchonga, uwanja katikati. Barabara ya kutoka Kigoma mnavuka Malagarasi kwenye daraja la Kikwete, mnapita Kaliua na Urambo. Urambo ni kwa mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Vita vyake na Waarabu wa Tabora vya 1871 vilifunga njia hii, ndiyo maana Stanley alizunguka kusini kwenda Ujiji, maeneo ya huko huko tulikopita sisi kutokea Mpanda. Mkiwa Tabora ulizeni na habari za Isike, mtemi wa Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora hii, aliyejilipua ngomeni mwake Januari 1893 Wajerumani walipoingia.

Kwenye tembe la Kwihara, Stanley na Livingstone waliagana Machi 1872, na Livingstone akakaa hadi Agosti akisubiri wapagazi aliotumiwa kutoka pwani. Hayo ndiyo yanayosimuliwa zaidi. Mimi nilikaa kwenye baraza nikifikiria Oktoba 1873. Susi na Chuma walifika Unyanyembe na mwili, wakamkuta afisa wa Kiingereza, Cameron, aliyekuwa akija kumtafuta Livingstone. Cameron akashauri wazike pale pale, njia ya mbele ni ya hatari. Walikataa. Fikirieni, mwaka 1873, watu weusi waliokuwa wakihesabiwa wabeba mizigo wanamwambia afisa kwamba hapana, tunaendelea.

Na kweli mbele palikuwa na hatari. Kasekera, mashariki ya Tabora, wenyeji walikataa maiti isipite nchini kwao. Wakajifanya wameghairi. Wakafunga mabua kama maiti, wakatuma watu wairudishe ile "maiti" Unyanyembe ikazikwe huko, njiani wakayatawanya mabua porini. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo za biashara, ukapita.

Mhifadhi wa Kwihara alikuwa anakijua kisa hiki chote na alikisimulia kwa furaha, akasema wageni wengi hawakiulizi. Nawaomba, kiulizeni. Ningependa siku moja nikute kibao cha majina yao pale mlangoni, Susi, Chuma na Wainwright, herufi kubwa sawa na za hao wengine.

Mdau

Mama, hapo umenigusa. Ila wapo pia waliopita njia hiyo bila hiari yao. Tusije tukaipamba.

Mtoa mada

Ni kweli kabisa na ni vizuri umesema. Njia hii ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Serikali iliiweka 2006 kwenye orodha ya maeneo yanayopendekezwa UNESCO kwa sura hiyo hiyo, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mle mle njiani walipita Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira, mzigo wa kilo 30 hivi, wakiongozwa na kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara, na wapo waliofungwa minyororo. Mume wangu anasema kosa la vitabu ni kuwachanganya watu hao katika sentensi moja. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa anajadili ujira wake na aligoma akionewa.

Tabora hadi Manyoni sasa ni lami. Kilimatinde mnachepuka kidogo, mnasimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, Ugogo yote iko chini yenu, kavu. Huko misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili wapate maji ya visima, na kwa ukavu ule naona watemi walikuwa na haki.

Kondoa haipo kwenye njia ya misafara, lakini ukifika Dodoma usiache kupanda. Ofisi ipo Kolo, kandokando ya lami ya Dodoma kwenda Babati, mnachukua mwongozaji hapo. Michoro imeenea kwenye vilima vya Irangi, UNESCO waliiandikisha 2006, na Mary Leakey aliinakili mingi 1951. Gari linafika mguuni mwa mlima, kisha mnapanda mawe.

Nilidhani nitaona michoro michache iliyofifia. Kwenye eneo linaloitwa Mungumi wa Kolo watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba kuliko kawaida, vichwa vyao vina nywele au mapambo makubwa ya duara. Mistari ya miili ni myembamba, imepigwa sambamba kwa mkono usiotetemeka. Wapo wanyama pia. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima, imepakwa kwa kidole. Ile myekundu inahusishwa na watu wa jamii ya Wasandawe, ambao wapo hadi leo, ni majirani hapo hapo wilayani Chemba. Na kuna pango dogo pembeni ambako wenyeji bado wanafanya matambiko ya mvua na tiba, pombe inamwagwa. Mwongozaji alituomba tusiingie ovyo. Sehemu iliyo kwenye orodha ya dunia, na bado wenyewe wanaitumia.

Tukashuka Morogoro, Chalinze, Msata, Bagamoyo. Kaole kuna magofu ya misikiti, mmoja ni wa karne ya 13, na makaburi ya matumbawe. Mjini kuna Caravan Serai, ambako misafara ilifikia. Lakini mimi nilienda moja kwa moja Misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani. Mwili ulifika pale 24 Februari 1874, kama miezi tisa baada ya kuondoka kijijini kwa Chitambo. Ukalazwa usiku mmoja, ukapelekwa Unguja. Na wale waliouleta? Walilipwa ujira wao wakaachishwa kazi. Wainwright peke yake alisafiri na mwili, akawa mmoja wa waliobeba jeneza Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita, wakasaidia kuandaa shajara za marehemu zichapishwe. Susi alifia Unguja 1891.

Mume wangu amesema muhula huu atafundisha kuanzia kwa Susi.

Mdau

Sina gari wala mpango wa gari. Kuna namna?

Mtoa mada

Ipo. Reli ya kati ilijengwa 1905 hadi 1914 na kwa sehemu kubwa inafuata njia ile ile. SGR inakufikisheni Dodoma, mnalala, mnachukua basi kwenda Kolo na kurudi. Kisha treni ya zamani au basi hadi Tabora, bodaboda au bajaji hadi Kwihara, kisha Kigoma, na Ujiji ni daladala tu kutoka Kigoma mjini.

Mdau

Nina mtoto wa miaka 6, Gombe anaingia?

Mtoa mada

Kufuata sokwe, hapana, watoto wadogo hawaruhusiwi. Sokwe wanapata magonjwa yetu ya mafua na kifua na yanawaua. Hata mtu mzima mwenye kikohozi anabaki, na barakoa ni lazima mkiwa karibu nao. Mpelekeni Ujiji na stesheni, atafurahia.

Mdau wa Mwanza

Sisi wa huku Kanda ya Ziwa tuanzie wapi? Siwezi kushuka hadi Dar kwanza.

Mtoa mada

Msishuke. Mwanza, Shinyanga, Nzega, Tabora. Tabora mlale siku mbili, moja ya Kwihara na moja ya mji. Kisha Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Kurudi msirudie njia, pandeni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, mtokee Geita na kuvuka daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025. Mafuta jazeni Tabora na Kigoma, huko katikati msisubiri taa iwake. Kama mna muda, kabla ya kuondoka Kigoma mtafuteni yule mdau wa Ujiji hapo juu, amesema karibuni.